Jina la Mama Langoni

Mbotela, Nairobi
Jumapili, 14 Septemba 2025

Kwako Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na bibi yangu Susu akiwa ameamka vyema. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kile kikohozi cha Agosti kimeisha, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Je, Susu ameanza kuukanyaga ule mguu wa nyonga iliyovunjika? Mjomba Nzivo aliniambia kwamba sasa anatoka kitandani hadi mlangoni akishikwa mkono, na kwamba anamgombeza kila anayejaribu kumshika. Niliposikia hivyo nilijua anapona. Na mbuzi yule mwenye pembe moja, bado anaingia jikoni? Nakuuliza mengi kwa sababu nimewakumbuka sana.

Mbotela ni kama ulivyoiacha. Mfereji wa ploti unatoa maji Jumanne na Ijumaa pekee, na bado watu wanagombania nafasi ya mitungi kana kwamba kuna zawadi. Mlango wetu umeanza tena kukwama chini, lakini nimejifunza kuuinua kwa goti. Kanisani nimeingia kwaya. Najua utacheka. Nasimama mstari wa nyuma, nyuma ya Nzau aliye mrefu, na mwalimu wa kwaya anasema siku moja angependa kuniona pia. Huyo Nzau ndiye atakayekuletea barua hii, maana anakuja Kyuso Jumatano kumzika shangazi yake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ni ya Mjomba, na Mjomba huifungulia sauti ili boma zima lisikie. Ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema watu wakisikiliza. Hata tungekuwa wawili tu, mimi na wewe, sijui kama ningeweza. Unanijua. Nakuomba uisome peke yako, polepole, na usimpe Mjomba akusomee hata kama macho yanakuuma.

Barua yenyewe inamhusu Mama Lorine. Najua hutaki kulisikia jina lake. Tangu Juni hujaongea naye, na kila nikimtaja unaniuliza kama nimekula. Ulimwachia jina lako langoni, ukasikia limefutwa, na unaamini ni yeye aliyekufanyia hivyo. Ulikuwa naye mlango kwa mlango miaka kumi na mmoja, na sasa humtaki hata kwenye salamu. Nakuomba jambo moja tu: usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Nitaanza na asubuhi ile ya Januari ulipotuchukua mimi na yeye, tukavuka reli pamoja hadi kiwanda cha sabuni. Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Miaka tisa ulikuwa ukirudi na harufu ya sabuni kwenye leso, na vidole vimechubuka kwa kufunga miche yake, lakini lango lenyewe sikuwahi kuliona. Niliona watu wa mtaa wa kwa Reuben na wa kwetu wamejaa barabarani, na Mulongo, nyapara, amesimama juu ya kreti na daftari lake. Ulinieleza nikaelewa: wenye majina katika daftari huitwa kwanza, wengine hungoja mabaki. Jina likiitwa siku tatu bila kuitikiwa linapewa mtu mwingine. Ndiyo maana mwanamke akijifungua, au akifiwa, hutafuta wa kumshikia jina. Anayeshika anaitikia, anafanya kazi, anapokea ujira wa siku zake, na mwenyewe akirudi anamrudishia nafasi. Nyapara anajua, soja wa lango anajua, wote wanaopanga mstari wanajua. Hakuna aliyewahi kuiita udanganyifu.

Ulimshika Mama Lorine mkono ukamsogeza mbele, ukamwambia Mulongo kwamba huyu ndiye wa kukushikia mpaka Susu atakapotembea. Mulongo alimtazama juu mpaka chini, akamwita kwa jina lako, akasema, "Nzilani, umerefuka! Krismasi ulikula nini?" Watu wakacheka, na Mama Lorine akamjibu kwamba alikula maneno ya manyapara, ndiyo maana tumbo halikujaa. Kisha akakugeukia akiwa hacheki tena. Alikuambia uende ukamwangalie mzazi wako, na kwamba siku utakayorudi utalikuta jina lako likiwa limeitikiwa kila asubuhi. Uliondoka na basi la saa tano siku hiyo hiyo.

Mama, aliliitikia kila asubuhi. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Februari aliumwa na meno hadi shavu likafura, akaenda akiwa amejifunga leso usoni, na Mulongo akamwambia kwamba leo Nzilani ameokwa kama mkate. Alijifunza kuitikia kwa Kikamba, na wanawake wa kwenu wakamwambia Kikamba chake kimepitia Kakamega. Alilizoea jina lako mpaka Jumapili moja kanisani, mchungaji alipomwita Nzilani mwingine, yule wa kamati ya akina mama, Mama Lorine akasimama! Lorine alimvuta rinda akae, na benchi nzima ikatikisika kwa kicheko. Jioni alinisimulia mwenyewe huku akijifuta machozi ya kucheka, akasema ukirudi itabidi mpigiane kura nani awe Nzilani.

Mwezi wa Machi ndipo habari za kaunti zilipofika. Chifu alizitangaza barazani na mchungaji akazirudia. Zilikuwa habari njema, na mimi niliziona njema. Kiwanda chochote kitakachojipanua na kuajiri watu wapya wa mitaa ya karibu kitasamehewa ada ya leseni na kodi ya ardhi kwa miaka mitatu. Wapya maana yake ni watu ambao majina yao hayajawahi kuwa katika vitabu vya kiwanda hicho. Tena waajiriwe kwa barua, si kwa kuitwa langoni. Na kila jina liwe na uso wake na kitambulisho chake, kwa sababu maofisa watakuja kuhakikisha. Kiwanda chenu kilikuwa tayari kimeanza kujenga ghala la pili upande wa mtoni. Mtaani kila mtu aliyemaliza kidato cha nne alianza kutafuta vyeti vyake.

Mimi nisingeenda. Niliogopa kuulizwa maswali. Ni Mama Lorine aliyenibishia mlango akaniambia, "Amka, Kavinya, kazi haiwezi kukufuata kitandani ikuombe ruhusa." Alinipigia pasi ile blauzi yangu nyeupe na akaniazima viatu vyake vya kanisani, nikavijaza karatasi mbele. Lorine aliniangalia akasema, "Wewe Kavi, ukiulizwa jina lako huko, utasema ama utawaandikia kwa karatasi?" Nilicheka, na woga ukapungua. Tulichukuliwa watu hamsini na wawili. Nilipokupigia simu kukuambia, ulipiga vigelegele mpaka Mjomba akasema nyoka wamehama shambani.

Nilikuambia kwamba nafunga makatoni katika ghala jipya. Kazi yangu nitairudia hapo mbele.

Mwezi wa Mei, Bwana Nyamai, yule meneja aliyeletwa mwaka jana, alitaka orodha safi ya vibarua wa zamani. Kila jina na kitambulisho chake, na kama aliye kazini siye mwenye jina, ielezwe. Alisema maofisa wa kaunti wakikuta jina moja lisilo na uso wake, kiwanda kitakosa msamaha wote. Alisema pia kwamba wenye mambo yaliyonyooka wataandikiwa barua kama wale wapya. Kuhusu wengine hakusema kitu. Orodha ikaandikwa. Ilikuwa na majina mia moja na arobaini, na ishirini na matatu kati yake yalikuwa yameshikiwa. Lako likiwa mojawapo.

Jumatatu ya pili ya Juni, Mulongo alipanda juu ya kreti kama kawaida. Alipofika kwenye jina lako aliliruka. Mama Lorine alidhani amesahau, akapaza sauti kwamba Nzilani yupo. Mulongo hakutania siku hiyo. Alisema hakuna Nzilani tena katika daftari, Nzilani yuko Kyuso, na yeye Mama Lorine, kama ni Annah Andati, jina lake halijawahi kuwa hapo. Wanawake ishirini na watatu walisogezwa kando. Wengine walikuwa wamewashikia dada zao, mmoja alikuwa amemshikia binti yake aliyejifungua wiki hiyo. Walikaa pembeni ya ukuta hadi saa nne, wakidhani ni makosa yatakayorekebishwa. Kisha lori la ghala jipya likaja na soja akawaambia waondoke njiani.

Muoki wa idara ya mafuta, yule wa kwenu, alisikia kwamba kwenye karatasi ya ofisi kulikuwa na jina la Annah Andati. Akamwambia Mjomba, na Mjomba akakuambia. Mkaona kwamba Mama Lorine alikwenda ofisini kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe, akaliharibu lako. Sikulaumu, Mama. Hata mimi ningekuwa mbali ningeona hivyo.

Ulipiga simu jioni ya Jumatano. Ulipiga kwangu, ukaniambia nikupe Mama Lorine. Alikuwa jikoni kwake akichambua mchicha. Nilimshikia simu kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji, nikaifungulia sauti, kwa hivyo nilisikia kila neno. Ulimwambia ulimpa jina ukimwamini, naye akaenda kutafuta la kwake. Ulimwambia miaka tisa si siku tisa. Ulimwambia ulikuwa ukimwita dada, na sasa humjui. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Aliniangalia mimi, Mama, si simu. Kisha akasema, "Pole, Mama Kavinya. Pole sana." Ulipokata, alirudi kwenye mchicha wake, akaniambia nikae nile nao.

Mwezi uliofuata alifua nguo za watu, akachoma mahindi kando ya barabara, lakini haikutosha. Agosti alihama. Alikwenda Dandora kwa binamu yake Mukhwana, na sasa anachambua plastiki zinazotoka jalalani. Lorine hakurudi shuleni muhula huu. Alikuwa kidato cha tatu. Walipopakia vitu kwenye mkokoteni nilitoka nje kuwasaidia, na Lorine akaniambia, "Wacha tu. Utachafua mikono ya ofisi." Mama yake akamfokea anyamaze. Chumba chao sasa kinakaliwa na fundi wa viatu, mtu mpole, lakini bado nikiamka nasikiliza ukutani.

Mama, orodha ile niliiandika mimi.

Sifungi makatoni. Sijawahi kufunga katoni hata moja. Wiki ya kwanza Bwana Nyamai aliona mwandiko wangu kwenye fomu, akanitoa kwenye mstari, akanipa meza ofisini niwe karani msaidizi. Nilikuficha kwa sababu nilitaka urudi unikute nimekaa kwenye meza, ushangae. Nilikuwa nimeshapanga hata siku utakayonikuta. Baadaye nilikuficha kwa sababu nyingine.

Aliponipa kazi ya orodha sikujua nani amemshikia nani, ila wewe. Basi saa za chakula nilikwenda kukaa na wanawake nje ya ghala la zamani, nikawauliza mmoja mmoja. Walinieleza wakicheka. Wengine walinigawia chakula chao. Hawakuniogopa kwa sababu mimi ni mtoto wa Nzilani. Niliyaandika yote, kwa kuwa niliamini kwamba jambo likielezwa wazi na kwa adabu, mkubwa ataelewa. Shuleni ndivyo ilivyokuwa. Ukichelewa ukaeleza sababu ya kweli, mwalimu alikusamehe.

Nilipofika kwenye jina lako niliweka kalamu chini. Ningeweza kuandika kwamba upo na kuendelea na jina linalofuata. Wengi wangefanya hivyo. Nadhani hata Bwana Nyamai asingejua. Lakini niliona nafasi ya kuwasaidia nyote wawili. Niliandika hivi, nayakumbuka maneno yote: "Bi. Nzilani yuko Kyuso akimuuguza mama yake. Nafasi yake inashikiwa kwa muda na Bi. Annah Andati, mfanyakazi mwaminifu. Naomba wote wawili wafikiriwe." Neno mwaminifu nililipigia mstari kwa rula. Niliona nimefanya jambo kubwa. Bwana Nyamai aliipokea, akaipitia akiwa amesimama, akasema mwandiko wangu ni kama wa kitabu.

Kwa hivyo jina la Annah Andati lililoonekana kwenye karatasi, mimi ndiye niliyelipeleka. Na Mama Lorine alijua tangu siku ile ya lango. Mulongo alimwonyesha kwa kidevu dirisha la ofisi, akamwambia kama ana swali amuulize mtoto wa Nzilani. Nilikuwa nimesimama dirishani. Tuliangaliana. Alipokuwa akichambua mchicha na wewe ukimwambia humjui, alikuwa anajua, na aliniangalia ili aone kama nitasema. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, Mama, ni mimi. Nilikuwa nimeshika simu mkononi mwangu mwenyewe. Sikusema.

Siku ya pili yake nilijikaza nikaingia kwa Bwana Nyamai. Nilimwomba akurudishe, au kama haiwezekani, anitoe mimi na nafasi yangu apewe Mama Lorine. Hakunikasirikia. Aliniambia nikae, akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. Alisema mama yangu si mtu mpya, na kumrudisha hakukiongezei kiwanda kitu. Mama Lorine naye, baada ya karatasi yangu, ameshaingia vitabuni kama mtu aliyefanya kazi hapa, kwa hivyo yeye pia si mpya. Nafasi ishirini na tatu zitajazwa na vijana, kila mmoja atahesabiwa, na ghala la pili litamalizika mapema. Alisema kiwanda kikikua kila mtu atafaidika. Kisha akasema kama si uangalifu wangu asingejua hata nusu ya hayo, akanipa barua ya kunithibitisha kazini.

Julai maofisa wa kaunti walikuja. Bwana Nyamai aliwaonyesha faili la watu wapya pekee. Walituita majina, wakatazama nyuso zetu na vitambulisho, tukapigwa picha. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa umri wako, ana miwani, sauti ya upole. Alimuuliza Bwana Nyamai kama wafanyakazi wa zamani wako salama. Bwana Nyamai akajibu kwamba wako, wanaendelea na kazi katika ghala lile jingine. Mimi nilikuwa hapo hapo na sinia ya soda. Yule mama akanigeukia, akaniuliza kama naifurahia kazi. Nikasema ndiyo. Akaniambia vizuri sana, nisome zaidi. Nikampa soda.

Siku nilipotakiwa kunyamaza niliandika kila kitu, na siku mbili nilizotakiwa kusema nilinyamaza. Sijui nijiite nani.

Jana nilikwenda Dandora. Nilimkuta Mama Lorine ameketi kwenye ndoo nje ya chumba cha Mukhwana, akitenganisha vifuniko na chupa. Mikono yake ina vidonda vipya, si vile vya sabuni. Aliponiona alimtuma Lorine akalete kiti, na Lorine alikileta akakiweka mbali nami kidogo, kisha akaingia ndani. Nililia kabla sijasalimu. Nilimuuliza kwa nini hakukuambia ukweli siku ile ya simu. Alitenganisha vifuniko vichache. Kisha akasema, "Wewe uko Nairobi peke yako. Mama yako angekukasirikia akiwa kule mbali, hapa ungebaki na nani? Mimi nina Lorine." Nikamwambia kwamba alikuwa na wewe pia, na nimemnyang'anya. Aliniambia nisogeze kiti, jua linaniingia machoni.

Niliporudi sikuweza kula. Leo baada ya ibada nimekaa kuandika, na hapa ndipo nilipofika.

Sijaacha kazi, Mama. Nimefikiria kuacha kila siku tangu Juni. Lakini dawa za Susu na kodi ya chumba vinatoka hapo, na kila Jumatatu najikuta nimevuka reli. Mulongo sasa hunisalimia kwa heshima. Ukiniambia niache, nitaacha siku hiyo hiyo, na ukiniambia nikae nitakaa. Kwa hilo nangoja neno lako. Lakini kwa lile lingine sitaki kungoja. Jumapili ijayo, tarehe ishirini na moja, saa nane mchana, nitakuwa Dandora na simu yangu. Hajui kwamba nimekuandikia, wala kwamba nitapiga. Nitapiga kwa Mjomba. Mwombe Mjomba simu, nenda nayo nyuma ya ghala la mahindi ambako hakuna watu, uongee naye. Yale uliyomwambia Juni hayakuwa yake. Niambie mimi yote, kwa sauti ile ile, wala usipunguze kwa kuwa mimi ni mtoto wako. Nitasikiliza. Kisha mwite dada kama zamani.

Kama hutaweza kupokea, nitaelewa, na nitamwambia simu haikupata mtandao. Hapana. Sitamwambia hivyo. Nitamwambia ukweli, kwamba nilikuandikia na hukupokea.

Nisalimie Susu, mwambie namwombea na asimpige Mjomba kwa fimbo yake mpya. Nisalimie Mjomba Nzivo na shangazi, na watoto wote wa boma. Nzau anakusalimu, na mama mchungaji anauliza utarudi lini. Nilimuuliza Mama Lorine jana kama ana salamu zozote nikuandikie. Alisema hawezi kukutumia salamu, asije akakulazimisha kuzijibu. Lakini nilipokuwa nimeshainuka kuondoka aliniita tena, akaniuliza kama nyonga ya mama yako imeunga.

Ni mimi mwanao,
Kavinya